Ukaidi wa Ange si huo unaousema

Kwako Salum,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara mbili na bado hatujaelewana. Unasema kibarua cha ukocha cha Ange Postecoglou pale Tottenham (Spurs) kiliota nyasi kwa sababu ya kupandisha ukuta juu, yaani mabeki kusimama mbali na goli lao, na kwamba kocha mwenye akili angeurudisha nyuma siku ile ile aliyopigwa nne na Chelsea. Kwamba alikuwa kichwa ngumu sibishi. Ninachobisha ni kwamba mnamlaumu kwa kosa dogo na kumsamehe lile lililommaliza.

Tuanze na hiyo hiyo mechi ya Chelsea, Novemba 6, 2023, maana kila mbishi lazima aitaje. Romero, beki wa Spurs, kadi nyekundu dakika ya 33, beki mwenzake Udogie naye dakika ya 55. Van de Ven na Maddison walishatoka na majeraha kabla ya mapumziko. Wamebaki tisa, ubao unasoma 1-1, na mabeki wamejipanga karibu kabisa na mstari wa kati, huku Højbjerg, ambaye ni kiungo, akicheza beki wa kati. Watu wakasema huu wazimu. Lakini kumbuka sheria: mchezaji haotei akiwa ndani ya nusu yake mwenyewe. Ukuta ukisimama pale, mshambuliaji analazimika kuanzia mbio zake pale pale katikati, na mpira unaopigwa juu ya vichwa vya mabeki una masafa marefu ya kwenda, kipa ameshatoka kwenye boksi anausubiri. Chelsea walihangaika dakika 20. Walichelewa kuachia pasi, mkimbiaji akavuka mstari, kibendera juu. Jibu walilipata pale mkimbiaji alipotokea nyuma kwa wakati, kisha badala ya kupiga golini akamtengea mwenzake aliye sambamba naye, kwa sababu kipa Vicario mmoja hawezi kukaba watu wawili. Ndivyo Sterling alivyomwandalia Jackson dakika ya 75. Na hata baada ya hapo Spurs walipata nafasi za kusawazisha, ndipo Jackson akamalizia mengine mawili dakika za nyongeza. Hao tisa ungewarundika ndani ya boksi lao kwa muda wote ule, wangelala vilevile, ila usingekuwa na la kubishania.

Sasa tatizo lenyewe. Ukuta wa juu ni nusu ya kazi, nusu ya pili iko mbele, kwa mtu anayembana mwenye mpira. Adui akipokea akiwa ametupa mgongo, mabeki wanapanda. Akigeuka, akanyanyua kichwa na hakuna anayembughudhi, mabeki wanashuka hatua tano, sita, mwili umekaa upande ili wageuke haraka, bila kusubiri pasi ipigwe. Winga mmoja akichelewa kufika kubana, mstari wote wa nyuma unapaswa kujua. Kwa Spurs mara nyingi mbele walishachoka na nyuma bado wamesimama pale pale. Hapo ndipo mita 40 za uwazi zinapozaliwa.

Na juu ya hilo kuna mabeki wa pembeni. Porro na Udogie walikuwa wanaingia katikati wote wawili kwa pamoja, wanacheza kama viungo. Mpira ukipotea pale kati, nyuma wamebaki mabeki wawili na kiungo mkabaji mmoja, pembeni kote kweupe. Mfumo huo ulikuwa na bima moja tu, nayo ni miguu ya Van de Ven. Januari 2024, dhidi ya Brentford, alipimwa kasi ya kilomita 37.38 kwa saa, ambayo haikuwahi kurekodiwa Ligi Kuu ya Uingereza kabla yake. Beki wa namna hiyo anafuta makosa ya watu wanne. Lakini mtu anayelazimishwa kufukuzia mpira kwa kasi yake yote, akirudi golini kwake, kila wikendi, atachanika nyama za paja, na ndivyo ilivyokuwa. Desemba 8, 2024, yeye na Romero walirudi pamoja kutoka kwenye majeraha, Chelsea tena, na wote wawili wakatoka kabla ya mechi kuisha. Wiki zilizofuata Archie Gray, kiungo wa miaka 18, ndiye aliyekuwa akipangwa beki wa kati. Ukuta ule ule, urefu ule ule, bila bima.

Mechi hiyo ya Desemba ndiyo ningeitumia kumshtaki mimi. Spurs walikuwa mbele 2-0 ndani ya dakika 11, wakalala 4-3. Miezi miwili nyuma, Oktoba 6, walikwenda mapumziko wakiongoza 2-0 kwa Brighton, wakarudi na 3-2 ya kufungwa. Salum, ukaidi wake ulikuwa kwenye kasi ya mchezo. Aliongoza kwa mabao mawili na bado alicheza kama anayetafuta bao la kwanza. Dawa yake haihitaji kupaki basi, yaani timu nzima kujazana golini. Beki mmoja wa pembeni anabaki nyuma, wanakuwa watatu. Anaongezwa kiungo mkabaji wa pili. Kipa anautuliza mpira, pasi fupi zinapigwa pale pale bila haraka, adui aje aufuate. Ukuta unaweza kubaki juu muda wote huo na falsafa yake isiguswe hata kidogo. Hakutaka, au hakuwafundisha vya kutosha, na kwangu mimi ni yale yale.

Kona sitazirefusha. Arsenal waliwafunga mbili za kona Aprili 28, 2024, kipindi cha kwanza tu, kipa akiwa amezingirwa hata mkono haunyanyuki, na Septemba iliyofuata Gabriel akawamaliza 1-0 kwa kichwa, kona tena. Hapo alihitajika mtu mmoja mwenye mwili wa kumsafishia kipa njia, basi.

Msimu wa 2024/25 walimaliza nafasi ya 17, pointi 38, wamefungwa mechi 22. Hizo unazikariri vizuri. Ambazo huzitaji ni kwamba walifunga mabao 64 na kufungwa 65. Timu ya nafasi ya 17 yenye upungufu wa bao moja tu! Huo si ukuta uliobomoka kila siku. Ni timu inayoshinda kwa mengi na kupoteza mechi zilizokuwa mkononi. Halafu tangu masika aliitoa ligi sadaka kwa ajili ya kombe la Ligi ya Europa, nayo ihesabu.

Unasema fainali ya Europa pale Bilbao ndiyo ushahidi wako. Mei 21, 2025, bao la Brennan Johnson dakika ya 42, kisha Spurs wakajifungia nyuma mbele ya Manchester United, umiliki wa mpira chini ya theluthi moja. Van de Ven anauokoa mpira wa kichwa wa Højlund kwenye mstari wa goli, mwili wote hewani. Baadaye winga anatoka, anaingia Danso, mabeki watano. Kombe la kwanza tangu 2008. Kwa hiyo ungesema, kumbe alijua kupaki basi, angefanya hivyo mapema. Lakini tazama waliokosekana: Maddison, Kulusevski, Bergvall, wote majeruhi. Hakuwa na mtu wa kuushika mpira katikati, akacheza kulingana na alichonacho. Mkaidi unayemsema wewe asingefanya hivyo. Siku 16 baadaye wakamfukuza.

Najua utaniletea Nottingham Forest, timu aliyoifundisha baada ya Spurs: siku 39, mechi nane, hakuna ushindi. Hapo sina utetezi mkubwa, ila alichukua kikosi kilichozoea kukaa chini na kushtukiza chini ya Nuno, kocha aliyemtangulia, msimu umeshaanza, akataka kukigeuza kikiwa njiani. Yokohama F. Marinos, timu yake ya zamani, walimvumilia 2018 wakamaliza wa 12, mwaka uliofuata wakabeba ubingwa wa Japani. Mtu aliyeona hilo kwa macho yake ni vigumu kumwambia aache.

Fanya hivi kabla hujanijibu. Irudie ile ya Brighton kuanzia kipindi cha pili, mabao uyaache. Kila Spurs wanapopoteza mpira, simamisha picha uhesabu wangapi wako nyuma yake. Niandikie hizo namba.

Rafiki yako,
Idrissa