Rafiki akienda vitani

Mwanangu Rukia,

Jumapili uliponiuliza kwenye simu kama Uingereza ifuatane na Marekani kila inapokwenda vitani, niliguna tu. Mchuzi ulikuwa jikoni, na jibu la haraka sikuwa nalo. Ukanirudishia methali yangu mwenyewe: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Hapo ulinishika pabaya, mama. Basi leo nimekaa chini nikuandikie.

Tarehe 15 Februari 2003 ulikuwa tumboni, miezi sita. Baba yako alinikataza kwenda kwenye maandamano ya London ya kupinga vita vya Iraki, nikaenda, tena na koti lake, maana langu lilikuwa halifungiki. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Tulitembea kutoka Embankment hadi Hyde Park, hatua mbili tunasimama, hatua mbili tunasimama, kwa wingi wa watu. Polisi walisema laki saba na nusu, waandaaji wakasema zaidi ya milioni. Mimi nilichohesabu ni vyoo, na havikutosha.

Tulirudi nyumbani tukiamini tumesikika. Usiku wa tarehe 18 Machi nilikuwa zamu kwenye nyumba ya wazee, Bunge la Uingereza linapiga kura kwenye runinga. Waliounga mkono vita 412, waliopinga 149. Mzee mmoja niliyekuwa nampa dawa, askari wa zamani aliyepelekwa Suez mwaka 1956, akasema, "Sisi hawakutufuata."

Ikabidi anieleze. Nasser, rais wa Misri, alikuwa ameutaifisha mfereji wa Suez, Uingereza na Ufaransa wakaivamia Misri wakiwa pamoja na Israeli. Eisenhower, rais wa Marekani, alikataa kuwaunga mkono, kisha akaibana pauni mpaka Waingereza wakaondoka. Urafiki ukafa? Wapi! Miaka ya sitini zamu ikageuka: Rais Johnson wa Marekani akamwomba Harold Wilson, waziri mkuu wa Uingereza, askari wa vita vya Vietnam, hata kikosi kidogo cha kuonekana tu, Wilson akakataa. Na mwaka huohuo wa Iraki, Jean Chrétien, waziri mkuu wa Kanada, alisimama bungeni kwake tarehe 17 Machi akasema nchi yake haiendi. Kanada haijahama, bado imepakana na Marekani.

Usidhani lakini kwamba tulioandamana tulikuwa na majibu yote. Pale kazini nilikuwa na mwenzangu Mkurdi. Jamaa zake walikufa Halabja, mji wa Wakurdi huko Iraki, mwaka 1988, kwa gesi ya Saddam. Nilipomsimulia maandamano akaacha kukunja shuka, akaniuliza, "Na sisi, nani atatuondolea yule mtu?" Nilinyamaza. Hata leo angeniuliza, ningenyamaza.

Kilichonichoma nilikuja kukijua mwaka 2016, ilipotoka ripoti ya Chilcot, ile ya uchunguzi wa Uingereza kuhusu vita vya Iraki. Tarehe 28 Julai 2002, miezi minane kabla ya kura ile, waziri mkuu wetu Tony Blair alimwandikia Rais Bush kwamba atakuwa naye, liwe liwalo. Kweli, baada ya maneno hayo aliandika kurasa za tahadhari na ushauri. Lakini ukishamwambia mtu liwe liwalo, ushauri wako ni wa nini tena? Atakusikiliza kwa adabu, kisha atafanya lake, kwa sababu anajua utakuja tu. Mimi nakuburura barabarani Februari, kumbe neno lilishatoka Julai! Ripoti ikasema wazi kwamba njia za amani zilikuwa hazijaisha. Silaha za maangamizi walizosema Saddam anazo hazikuonekana. Wanajeshi 179 wa Uingereza walikufa huko, na Wairaki, kwa hesabu ya Chilcot mpaka katikati ya 2009, si chini ya 150,000, wengi wao raia.

Sasa turudi kwenye methali. Dhiki ni kitu kinachomkuta mtu. Septemba 2001 Marekani ilikutwa na dhiki, NATO ikatumia Kifungu cha 5, kile kinachosema akipigwa mwanachama mmoja wamepigwa wote, kwa mara ya kwanza, na siwezi kuwalaumu waliosimama nayo siku zile. Nyumba ya jirani ikiungua unabeba ndoo, huulizi. Lakini jirani huyohuyo akija usiku na rungu, anataka mkampige mtu wa mtaa wa pili, hapo unamkalisha, unampa maji, unamuuliza huyo mtu kafanya nini na nani kaona. Kama hana jibu unabaki nyumbani, hata akinuna. Iraki ilikuwa ya rungu. Hilo ndilo jibu langu, na rafiki zako wakibisha waambie wanipigie.

Lile koti bado liko kabatini. Baba yako hataki kulivaa, anasema tumbo langu lilimharibia vifungo. Ukija Pasaka lichukue, huko Leeds litakufaa.

Mama yako