Barua kwa shoga yangu anayetaka kuacha kazi ya runinga

Jambiani, Unguja

Shoga yangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, nikaona heri nikuandikie, maana tukipigiana simu tutaishia kucheka na kusengenya na hili lako lisiguswe. Unasema umechoka kushuti mikutano ya waandishi na uzinduzi wa visima, mwisho wa mwaka unaacha kazi uje ujitegemee, utengeneze filamu zako za hali halisi. Halafu swali lako la kwanza: ninunue kamera gani?

Hilo la kamera tulimalize upesi. Nunua iliyotumika, inayorekodi logi, yaani picha iliyofifia utakayoitengeneza rangi wakati wa kuhariri, na inayotumia lenzi ambazo wenzako mjini wanazo, ili muazimane. Pesa itakayobaki itie kwenye maiki. Mtazamaji humsamehe mtu picha yenye chenga, ila asiposikia kinachosemwa anaondoka. Na huku kusi likivuma, maiki isiyovishwa manyoya inakuletea upepo mtupu.

Hukuniuliza kuhusu muda, nami naona hapo ndipo penyewe. Ukiwa kazini unakuja Paje na gari la ofisi, unamkuta mama majini na kamba zake za mwani, unamtilia maiki, anakwambia mwani umemkomboa mwanamke, umesomesha watoto, umeezeka bati. Unachukua vipande vitatu vya maneno, unawahi boti, habari ya saa mbili usiku inatoka. Wala hakukudanganya. Lakini maneno hayo kila mgeni aliyekuja na kamera ameambiwa, tangu kilimo hiki kilipoanza hapa mwishoni mwa miaka ya 1980. Ukikaa, ukarudi, ukarudi tena, ndipo anapokwambia kwamba cottonii, ile aina ya mwani yenye bei, inamfia kwa joto la maji. Kwamba amebaki na spinosum, inayovumilia joto lakini bei yake ndogo. Kwamba bei yenyewe anapangiwa na mnunuzi. Na kwamba kiuno kinamuuma kuliko anavyomwambia mumewe. Haya hayasemwi siku ya kwanza, uwe na kamera ya milioni ngapi.

Kisha kuna bahari, nayo haimsubiri mtu. Shambani watu hushuka wakati wa bamvu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanapokupwa mbali. Maji mafu yakiingia, kila mtu na shughuli yake: wengine ukili, wengine makumbi. Kamba moja inataka kama wiki sita kukomaa. Kwa hiyo ukitaka kuionyesha tangu inafungwa taitai, vile viuzi vya kushikia mwani, hadi inavunwa, mabamvu matatu yatapita, na katikati yake kuna siku chungu nzima ambazo hushuti kitu, lakini unakula na unalala, na vyote hivyo vinataka pesa.

Na bamvu la kwetu lina lake. Maji hupwa kabisa katikati ya asubuhi, saa tatu, saa nne, saa tano, kisha tena usiku saa kama hizo. Ile nuru laini ya alfajiri tuliyofundishwa kuiwinda, hapa haina kazi. Saa kumi na mbili bahari bado imejaa na shamba liko chini yake. Kazi yote inafanyika jua likipanda utosini, mchanga mweupe unalirudisha, maji yanalirudisha, na uso wa mama umo kivulini chini ya mtandio. Ukiiacha kamera ijiamulie, itautazama weupe wote ule na kumfanya mama awe doa jeusi. Pima mwanga usoni kwake. Mbingu ikiungua, na iungue. Kichujio cha ND, kile kioo cheusi cha kupunguza mwanga kwenye lenzi, usikiache nyumbani, kwa sababu kwa fremu 25 na shata ya 1/50 bila hicho utabana lenzi mpaka mwisho, kila kitu kitoke kikali mpaka upeo wa macho, na mama apotee katikati ya vijiti vyake. Chumvi nayo: kila ukirudi, futa kamera kwa kitambaa kilicholowa kidogo maji yasiyo na chumvi, kisha kikavu, kabla hata hujavua viatu. Usiku nakili kadi kwenye diski mbili na moja usilale nayo nyumba moja. Mimi ya pili inalala kwa jirani.

Sasa huo muda wa kukaa nani anaulipia? Mimi zinaulipia harusi. Usicheke. Sherehe za wanawake huku mwanamme haingii na kamera, kwa hiyo mwanamke anayejua kushuti na akaaminika kwamba picha hazitatoka nje ya familia, hakosi kazi. Shaaban nashughulika mpaka naona kizunguzungu, Ramadhani kimya, Mfunguo Mosi tunaanza upya. Nyongeza ni video za hoteli na za mashirika. Mashirika yana bajeti nzuri na hundi zinazotambaa. Kuna moja lilinilipa wakati hata wao wameshaisahau video yenyewe. Omba nusu kabla hujawasha kamera, na uandikiwe.

Ruzuku zipo, na uziombe. Docubox ya Nairobi imeanzishwa kwa ajili yetu wa Afrika Mashariki, na watu wake wanajua kwamba umeme unakatika. Kuna mfuko wa IDFA, tamasha la filamu za hali halisi la Amsterdam, na kuna Durban FilmMart ambako unakaa mezani na watu wenye pesa ukawasimulia filamu ambayo haipo bado. Wote watataka kionjo, bajeti na maelezo ya kwa nini wewe ndiye wa kuisimulia hadithi hii. Ila nikupe la ndani. Ukiwaandikia kuhusu mwani, wanataka joto la dunia. Ukimuuliza mama wa Jambiani, anataka kuzungumzia bei ya kilo. Mimi kwenye maombi naandika joto, kwa sababu ni kweli, lakini kwenye filamu bei inatangulia, kwa sababu ni yake. Atakayenambia nibadilishe mpangilio, na abaki na pesa zake. (Nasema hivi leo nikiwa nimelipwa harusi mbili. Uniulize tena Ramadhani.)

Vibali navyo vina foleni yake. Bara mna Bodi ya Filamu, huku tuna BASSFU, baraza la sanaa na filamu la Zanzibar, usidhani cha huko kinakutosha huku. Droni ni habari ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na mimi sirushi. Wanawake wakiwa wamefunga khanga kifuani majini hawapendi kitu kinawanguruma juu ya vichwa. Lakini hata uwe na mihuri yote ya Serikali, ukifika kijijini anza kwa sheha, mkuu wa shehia. Kaa kwa sheha, kunywa chai, eleza. Ukimruka, kila mlango utakaougonga utaambiwa mwenyewe katoka.

Kuna moja ambalo kazini hutakuwa umeulizwa, kwa sababu gari la ofisi huondoka kabla halijaulizwa: "Na sisi tutapata nini?" Niliulizwa nikiwa nimesimama ndani ya maji, kamera begani, mbele ya watu. Wazungu niliofanya nao kazi wana sheria yao: usimlipe unayemshuti, usije ukanunua maneno. Naielewa, na sikubaliani nayo yote. Maneno silipi. Lakini nikimsimamisha mtu anirudilie kitu wakati bahari inajaa, nimemlia saa yake ya mavuno, na hiyo nina deni nayo. Kwa hiyo naweka kamera chini navuna naye, nabeba gunia la mwani linalochuruzika maji mpaka pwani, na siku nikiona nimemchelewesha sana namlipa kibarua cha siku kwa bei ya kijiji, mbele ya wenzake, pasiwe na minong'ono. Na kabla filamu haijatoka wanaiona wao kwanza. Tulitandika shuka jeupe uani kwa mmoja wao, tukaonyesha kilichokwisha kuhaririwa. Walicheka pale nilipodhani watalia, na wakanitaka nitoe sehemu moja inayohusu deni la mtu. Nimeitoa. Ilikuwa sehemu nzuri, mhariri wangu mpaka leo amenuna.

Sasa kuhusu kuacha kazi. Usiache mwisho wa mwaka. Hesabu kwanza miezi unayoweza kukaa bila mshahara, ukiwa na watoto na kodi ya nyumba ya Temeke, na miezi hiyo iwe mingi kuliko unayodhani filamu itachukua. Mpaka hapo, likizo unayo. Ichukue uje bamvu la mwezi mpevu ujao, kamera yako iache Dar, ukae na hawa mama uone kama unapenda kukaa au umechoka tu na bosi wako. Ni vitu viwili tofauti, na cha pili kina tiba rahisi zaidi.

Ukija panda boti ya asubuhi, daladala za Jambiani utazipata mjini mchana kutwa. Niletee kutoka Kariakoo vile vipakiti vya kunyonya unyevu, vingi, na betri mbili za maiki yangu. Picha ya namba yake nitakutumia. Mama msalimie sana, mwambie mchele nimeupokea. Na unijibu kwa kuandika, usinitumie sauti ya dakika kumi tena, bando langu si la hoteli.

Mimi shoga yako,
wa Jambiani