Barua kwa mwanangu: namba ya kibandiko haijui darubini

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Mimi sijambo, ni mgongo tu unaonikumbusha miaka yangu kila nikiinama. Picha ya kabati uliyonitumia nimeiona. Nimeikuza hadi nikasoma kile kibandiko cha mlangoni: "Bunduki 7". Unaniuliza kama litakutosha wewe mwenye bunduki tatu. Halitoshi. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu ungeitikia "sawa mama", halafu ungelinunua.

Walioandika 7 hawajadanganya, ila wamehesabu mapengo ya sponji. Ni bunduki saba nyembamba, zisizo na darubini wala mkanda, zimepangwa bega kwa bega na mtu mwenye subira nyingi. Upana wa ndani ukiwa sentimita 32, kila moja imepewa sentimita 4 na nusu. Sasa ichukue raifo yako uitazame kwa mbele. Kishikio cha boliti, kile chuma kinachofunga risasi ndani, kimejitokeza kulia. Lenzi ya mbele ya darubini ina milimita 50, na bomba lililoishika ni nene kuliko hapo. Kitufe cha kurekebisha kushoto na kulia kimechomoza ubavuni kama sikio. Kiumbe huyo anataka sentimita 10, na 12 kama unataka kumtoa bila kumkwaruza jirani. Mimi namba ya kibandiko huigawa kwa mbili, na bunduki zote zikiwa za darubini naigawa kwa tatu.

Nilijifunza kwa hasara. Kabati langu la kwanza lilikuwa la "bunduki 5", nami nilikuwa na nne, nikajiona nimebakiwa na nafasi ya wageni. Kila nilipotaka raifo ilinibidi nitoe kwanza shotigani mbili, nizilaze kitandani, ndipo niivute kwa ubavu. Siku moja nikaona uvivu, nikaivuta hivyo hivyo. Nilisikia tik-tik-tik nikadhani ni ukucha wangu kwenye chuma. Kesho yake uwanjani, kwa mita 100, risasi zote zikaenda kushoto, zimekaa pamoja vizuri kabisa lakini kiganja kizima nje ya pale nilipolenga. Nikalaumu upepo, nikalaumu risasi, nikalaumu miwani. Kumbe kitufe cha ubavuni kilikuwa kimesugua mtutu wa jirani kikazunguka milio 18. Kwenye darubini ile kila mlio mmoja unahamisha risasi kama milimita 7 kwa mita 100. Piga hesabu mwenyewe. Na huo ndio uharibifu mwepesi, unaorudishwa kwa vidole. Pete zinazoshika darubini zikigongwa zikalegea, utapoteza nusu siku na risasi nyingi kabla hujajua tatizo liko wapi.

Basi kabla hujarudi dukani, fanya hivi. Hakikisha raifo haina kitu: fungua boliti, tazama chemba, pale risasi inapokaa, tia kidole. Ilaze mezani ikiwa na darubini yake, mkanda wake, na kizima sauti kama unakihifadhi kikiwa kimefungwa. Chukua futi upime urefu wote. Kisha pima kutoka sehemu ya chini kabisa, kwenye magazini, yaani kile kisanduku cha risasi, au mshiko wa mkono, hadi juu ya kitufe cha darubini. Kipimo hiki cha pili ndicho watu wanachokisahau. Kwa raifo yako sidhani kama kitakuwa chini ya sentimita 20, na kabati la kwenye picha naliona lina kina hicho hicho kwa nje. Yaani mlango utafungwa kwa kuisukuma darubini. Utasema "lakini limefunga". Ndiyo, na kila ukifunga utakuwa unaisukuma tena. Tafuta kina cha ndani cha sentimita 30 au zaidi, ili bunduki isimame ikiegemea kwa mtutu wake, na darubini isiguse kitu chochote, iwe mlango, ukuta au jirani.

Kimo nacho kina mtego wake. Shotigani ya babu yako, ile ya mitutu miwili sambamba, niliipima zamani: sentimita 115. Ukinunua siku moja ya kisasa yenye mitutu ya sentimita 76, hesabu 120 na kitu. Kabati lako limeandikwa kimo 130, nawe umeona 130 ni kubwa kuliko 115, ukafurahi. Tazama tena picha. Juu ndani kuna sanduku dogo la risasi lenye kitasa chake. Toa sentimita 20 za sanduku hilo, toa sponji ya chini, toa unene wa bati lenyewe. Umebaki na 107 hivi. Shotigani ya babu italala kwa mshazari ikiziba njia ya wenzake wote, au utakuwa unaitenganisha mitutu na kitako kila jioni. Kuitenganisha si dhambi, wengi huhifadhi hivyo, lakini wewe nakujua, wiki ya tatu utachoka. Sanduku la risasi silipingi hata kidogo. Risasi lazima zikae mbali na bunduki, chini ya kitasa kingine na ufunguo mwingine. Nunua kabati la kimo cha 150 ambalo sanduku halili nafasi ya mtutu, au weka risasi katika sanduku la chuma la peke yake.

Kuhusu chuma chenyewe sitakuchosha. Gonga ubavu kwa kifundo cha kidole: likilia kama debe, liache. Bati la milimita 2 ndicho cha chini ninachokikubali, na mlango uwe mnene zaidi, wenye makomeo yanayoingia pande zaidi ya moja. Usiogope bawaba za nje ukiona upande wa bawaba una ndoano au vipini vinavyoshika fremu kwa ndani, maana hata mwizi akizikata, mlango hautoki. Tafuta pia kibao cha kiwango. Uingereza makabati ya bunduki yana kiwango kiitwacho BS 7558. Masefu mazito ya Ulaya hupimwa kwa EN 1143-1, na Ujerumani tangu 2017 anayenunua sefu jipya la bunduki lazima liwe la daraja 0 la kiwango hicho au juu yake. Kabla ya kulipa, muulize afisa wa leseni anataka nini. Ni swali la dakika tano, na jibu lake ndilo litakalokaguliwa.

Kabati tupu la kilo 50 watu wawili wanalibeba kama kochi. Nguvu yake iko kwenye bolti zinazolishika ukutani. Toboa kwa ndani, kupitia matundu yaliyokwisha kutengenezwa, bolti nne za kupanuka kwenye tofali zima au zege. Ukuta wa mbao nyembamba au jasi usiuamini, utatoka pamoja na kabati. Na ukiweza, liweke kwenye kona, ule upande wa kitasa ukiwa umebanana na ukuta wa pili, mradi tu mlango ufunguke. Mwenye mtaimbo anahitaji nafasi ya kuuchomeka na kuuvuta. Kona inamnyima yote mawili. Lisionekane dirishani. Na fundi akimaliza, zile chenga za chuma na vumbi la kuchimba vifagie vyote kabla hujaweka bunduki, kwa sababu chenga moja kwenye sponji itachora kitako cha shotigani ya babu yako mstari usiofutika.

Sasa ufunguo.

Ulikuwa na miaka sita. Nilikuwa nimeketi nikishona, ukaja umesimama mbele yangu, mkono umeunyoosha, kiganjani ufunguo wa kabati. Ukasema, "Mama, umeusahau." Ulikuwa juu ya kabati la nguo, ndani ya kopo la vifungo, nyuma ya kitambaa kilichokunjwa. Mahali ambapo mimi mwenyewe nilipanda kiti kupafikia. Sikukupiga, sikukugombeza, nilikuuliza tu ulijuaje. Ukanijibu kwamba kila siku ya Jumamosi unasikia kiti kikiburutwa, halafu vifungo vinalia, halafu mlango wa chuma. Mtoto wa miaka sita alikuwa ameusikiliza ufunguo wangu kwa masikio. Kabati lilikuwa limefungwa mchana huo, na risasi zilikuwa kwingine, lakini usiku ule sikulala.

Tangu siku hiyo ufunguo siufichi tena. Ama uko mwilini mwangu, ama uko ndani ya kitu kingine kilichofungwa kwa namba. Mwaka 2023 mahakama moja ya Ujerumani ilisema jambo linalofanana na hilo: ufunguo wa sefu la bunduki uhifadhiwe mahali penye ulinzi wa kiwango sawa na sefu lenyewe. Niliposoma nilicheka peke yangu. Kwa hiyo wewe mwenye watoto wawili chini ya miaka minane, nakushauri kitasa cha namba. Cha kielektroniki kina kero ya betri, nalo linatatulika: badilisha betri mara moja kwa mwaka kabla hazijaisha, na chagua kile ambacho betri zake zinawekwa kwa nje. Angalia kama kimekuja na ufunguo wa dharura, maana huo nao ni ufunguo, na mambo yanarudi palepale. Namba ya kiwandani ibadilishe siku hiyo hiyo. Usiweke mwaka wa kuzaliwa wa mtu yeyote ndani ya nyumba. Na ukibonyeza, usimame uzibe kwa mwili. Wajukuu zangu wana macho, na wamerithi masikio yako.

Limebaki la kutu. Kabati la chuma lililofungwa ni chungu chenye kifuniko: unyevu ulioingia nao hautoki. Usiliweke karibu na bafu wala kwenye ukuta wa nje unaotoka jasho. Bunduki ikitoka kwenye baridi ikaingia chumba chenye joto, iache wazi uikalie macho mpaka umande uliotanda juu yake ukauke, lenzi pia, ndipo uipanguse na kuiweka. Kamwe usiihifadhi ndani ya mfuko wake wa ngozi au wa manyoya, hata kama unaona inapendeza. Mfuko unashika unyevu, na ngozi ina chumvi za kusindikia. Nilitoa mtutu mmoja kwenye mfuko baada ya miezi minne, umechorwa madoa ya rangi ya chai mahali pote ulipogusana na manyoya. Weka vile vijiwe vya silika vinavyobadilika rangi vikishiba maji, uvikaushe kwenye oveni kama pakiti inavyoelekeza, na weka kipimo kidogo cha unyevu ambacho utakisoma. Mimi nataka kikae kati ya 40 na 50 kwa mia. Zaidi ya hapo chuma kinaanza kuugua, chini sana mbao za shotigani ya babu zitapasuka. Watakaokuambia ununue sefu la kuzuia moto wasikilize kwa heshima, ila kumbuka mengi yamejazwa jasi kwa ndani, na jasi ina maji yake. Ukichukua hilo, ongeza vijiwe.

Na shotigani ukishaisafisha, isimamishe mdomo chini kwa siku mbili, kitambaa chini yake. Mafuta yanashuka kwenye mtutu. Ukiisimamisha kwa kitako, yanashuka taratibu kwenye mbao, zinalainika na kuwa nyeusi pale zinapokutana na chuma. Kile kidoa kwenye kitako cha shotigani ya babu, ambacho ulikuwa ukikifananisha na ramani, ni kazi ya miaka mingi ya kusimama wima.

Fedha zako zikikufikisha kwenye kabati moja dogo tu kwa sasa, chukua lile lenye kina hata kama lina mapengo machache. Upana utajibana nao kwa kugeuza moja mdomo juu na jirani yake mdomo chini, vitako visigongane, ila ya darubini ibaki imesimama kwa kitako. Kina hakina ujanja.

Nitumie vipimo vitatu: urefu wa raifo, ule wa kutoka magazini hadi juu ya kitufe, na kina cha ndani cha kabati jipya utakalolipenda. Andika vya ndani, sio vya nje. Picha usitume tena.

Wasalimie wajukuu, umwambie yule mkubwa kwamba bibi ameliuza lile kopo la vifungo.

Mama yako