CD si mbovu: kwa nini damu hairudi kwenye Call of Duty: WWII

Wateja watatu sasa wameturudishia CD ya gemu ya vita Call of Duty: WWII, kilio kimoja: "Askari wangu akipigwa hapati nafuu." Mmoja tulimwashia hapahapa dukani. Akajibanza nyuma ya ukuta, pedi akailaza mapajani, akasubiri wekundu uondoke kwenye skrini. Akasubiri weee.

CD ni nzima jamani. Gemu ndiyo imetengenezwa hivyo.

Call of Duty ilianza 2003 na Vita Kuu ya Pili. Baadaye ikahama: kufika 2014 askari anavaa mashine ya kumrusha hewani, na 2016 akapelekwa anga za juu kabisa. Mashabiki waliizomea trela ya gemu hiyo ya 2016 YouTube mpaka ikawa habari. Mwaka 2017 Sledgehammer Games, walewale wa askari wa kuruka, wakaturudisha Normandy, Ufaransa, asubuhi ya 6 Juni 1944. Unakuwa Red Daniels, kijana wa Texas, unashuka kwenye boti huku risasi zinanyesha. Hakuna kuruka mara mbili hewani. Unakimbia, unalala chini, unatambaa.

Na upande wa stori damu, yaani uhai wa askari wako, hairudi yenyewe. Okota visanduku vya dawa njiani, au mfuate mwenzako Zussman akurushie kimoja. Risasi anazo mwenzako mwingine, Turner. Ila hawatoi tu kila ukiwaendea. Ukishaua maadui wa kutosha ndipo wanakuwa na cha kukupa. Kwa hiyo yule wa ukutani angekaa hadi tufunge duka. Mkicheza mtandaoni damu inarudi ukijificha kidogo, kama ulivyozoea, na hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa.

Ukishika bunduki ya M1 Garand, tega sikio. Inabeba risasi nane; ya mwisho ikitoka, kibebeo chake kinaruka na mlio wa "ting!" Vijana wa hapa wakiusikia tu wanacheka, wanajua umebaki mikono mitupu.

Mzee mmoja aliuliza kama askari wetu wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, waliopelekwa Burma wamo. Hawamo, mzee wangu. Stori hii ni ya Wamarekani kule Ulaya.

Kabla hujarudisha CD, njoo nayo tuijaribu pamoja, bure. Masasisho yake ni makubwa, yatakumalizia bando. Lete mashine yako ya gemu tukuwekee hapa. Gemu ni ya miaka 18 kwenda juu, hivyo mtoto akitumwa peke yake hatumuuzii.