Mapambo ya Krismasi na watoto wa chekechea: nunua kidogo, mengine yapo nyumbani

Shule zikishafungwa mwezi wa kumi na mbili, wazazi wanaoingia dukani kwetu hapa Mwanga, Kigoma, huuliza karibu swali lile lile: "Mna mapambo gani ya watoto?" Wengi huelekeza kidole kwenye nyuzi zinazong'aa. Tunazo, na anayezitaka tunamuuzia. Ila kama mtoto ana miaka mitatu, minne au mitano, tunamshauri mzazi achukue karatasi moja ya manila, brashi nene na rangi za maji tatu tu: nyekundu, njano na buluu. Kijani cha mti wa Krismasi mtoto atakipata mwenyewe akichanganya njano na buluu, na kwa umri huo hilo peke yake linatosha kumshughulisha asubuhi nzima.

Kazi tunayoipenda kuliko zote ni ya unga na chumvi. Pima vikombe viwili vya unga wa ngano na kikombe kimoja cha chumvi laini. Maji yawe kikombe kimoja, lakini usiyamwage yote kwa mara moja. Ongeza kidogo kidogo huku mtoto akikanda, mpaka upate donge linaloshikana kama la chapati. Chumvi ya Uvinza inafaa kabisa, ila ile ya chenga itwange na kuichekecha kwanza, maana chenga zikibaki hutoboa uso wa pambo na rangi haikai vizuri. Sukuma donge kwa chupa mpaka libaki na unene wa nusu sentimita hivi. Kisha mwachie mtoto akate maumbo kwa kifuniko cha chupa ya jemu au mdomo wa kikombe. Tundu la kupitishia uzi litobolewe kwa mrija wa soda wakati donge bado bichi. Likishakauka, ukilitoboa litapasuka.

Kwenye kukausha ndipo watu wengi wanapokwama, kwa sababu Desemba ni mvua. Jua likiwepo, yapange kwenye ungo, uyageuze asubuhi na jioni, na uyaingize ndani wingu likifunga. Mwenye oveni aweke moto mdogo, nyuzi 100 hivi, kwa saa mbili au tatu. Asiye nayo atumie sufuria yenye mchanga mkavu chini, sahani ya bati juu ya mchanga, na makaa machache, vile vile tunavyooka keki majumbani. Moto ukizidi, pambo huvimba katikati na kupasuka. Rangi ipakwe pambo likishapoa. Chumvi huvuta unyevu wa hewa, kwa hiyo pambo ambalo halikupakwa vanishi hulainika tena mvua zikikolea. Vanishi apake mtu mzima, nje ya nyumba, mtoto akiwa mbali. Na mtoto asiachwe peke yake na donge bichi: chumvi iliyomo ni nyingi mno, haifai kuliwa hata kwa kuonja onja.

Trei la mayai nalo msilitupe. Kila kikombe chake kikikatwa na mtu mzima ni kengele tayari. Mtoto apake rangi nzito isiyo na maji mengi, kwa kuwa karatasi ile hunywa maji na kulegea. Ikikauka, toboa juu, pitisha uzi, funga fundo kwa ndani. Kengele kumi kwenye uzi mmoja zinapendeza sana mlangoni.

Kwa mti wa Krismasi, mwekee mtoto kiganja juu ya karatasi, mchoreeni mzunguko wake, kisha kateni viganja vingi vya kijani na kuvibandika kwa safu, vidole vikielekea chini, safu pana ikiwa ya kwanza huku chini. Ukiandika jina na mwaka nyuma, utakuwa na kitu cha kulinganisha mkono wake Krismasi ijayo. Nyota hutoka kwenye vijiti vya fagio vilivyofungwa kwa uzi na kuzungushiwa vipande vya kitenge. Mafundi cherehani wana vipande hivyo tele, waombe. Familia zinazoweka pango la Noeli zinaweza kutumia boksi la sabuni lililolazwa ubavu, na nyasi kavu ndani.

Kuhusu gundi tunaomba mtusikilize. Ile ya kukausha haraka, ya kubandikia viatu na plastiki, hatumuuzii mtu anayesema ni ya mtoto. Hushikanisha vidole papo hapo, na ikiingia jichoni ni hatari kubwa. Ya unga inatosha kwa karatasi: koroga vijiko vitatu vikubwa vya unga wa ngano kwenye kikombe cha maji baridi, bandika jikoni, koroga bila kuacha mpaka iwe nzito, ipua ipoe. Hukaa siku chache tu. Ikianza kunuka uchachu, mwaga.

Vitu vidogo navyo viangaliwe. Shanga, vifungo na mbegu, kama kinapita ndani ya kiini cha karatasi ya chooni, kisiwe mkononi mwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Vizibo vya soda vina meno makali, tumieni vifuniko vya plastiki vya chupa kubwa badala yake. Unga unaomeremeta, ule wa kunyunyizia kadi, kwa chekechea hatuushauri kabisa. Watoto hujifuta macho kwa mikono hiyo hiyo.

Tunawaomba wazazi jambo moja zaidi: nyota ikitoka imepinda, iacheni ilivyo. Tumeona kazi nyingi zilizonyooshwa na mama au dada mpaka mtoto mwenyewe hazitambui.

Walimu wa madarasa ya awali na wa watoto kanisani, mkituletea idadi ya watoto siku moja kabla, tunawakatia manila vipande vya ukubwa mnaotaka na kuvifunga kwa mafungu ya meza. Kukata hatutozi, mnalipia karatasi tu. Mikasi ya ncha butu tunayo, na anayeanza kujifunza kukata mpeni kwanza mistari iliyonyooka, mviringo utafuata baadaye.