Barua toka Cardiff: mzee wangu anasema mababu zake ni Wafoinike

Shikamoo mjomba. Mkaza mjomba naye shikamoo, na wadogo zangu wote hapo Kilwa Kivinje hamjambo. Mimi mzima alhamdulillah, baridi tu ndo inatunyoosha, mvua ya huku haipigi kwa nguvu kama yetu ila haijui kukatika.

Sasa mjomba ile siku kwenye simu uliniuliza hivi hawa Wazungu kabla ya ukristo walikuwa wanaabudu nini, mi nikakujibu harakaharaka "miti" alafu bando likaisha. Leo niko ofu nikaona nikuandikie vizuri, maana jibu nimelipata sehemu ambayo sikuitegemea kabisa.

Kazini kwangu, si unajua nalea wazee, kuna mmoja namhudumia, Mwelsh wa kuzaliwa, yani mtu wa hapa Wales, vitabu vimejaa mpaka kitandani kutandika shuka ni shughuli. Siku moja namkata kucha akaniambia kijana, mababu zangu walitoka Lebanon. Nikamwambia mzee wewe ukikaa juani dakika kumi unakuwa kama kamba wa kuchemsha, Lebanon ipi hiyo? Akacheka mpaka akakohoa, ndo akaanza.

Anasema hivi, Wadruidi, yani wale makuhani wa Waselti, wenyeji wa zamani wa huku, dini yao ililetwa na Wafoinike, mabaharia wa Suri na Sidoni, huko Lebanon, waliokuja mpaka huku kutafuta bati. Bati simaanishi la kuezekea mjomba, madini yenyewe, yale ya kuchanganya na shaba ili iwe ngumu. Ushahidi wake mkubwa ni moto. Waselti mwanzo wa mwezi wa tano walikuwa wanawasha mioto mikubwa na kupitisha ng'ombe katikati wasije wakaugua, sikukuu inaitwa Beltane, basi yeye anasema hiyo Bel ndo Baali, mungu wa Wafoinike, yule yule ambaye Nabii Ilyas aliwaambia watu wake waachane naye. Kwakweli siku ile niliingia mzima mzima, jina limefanana, moto upo, meli zilikuwepo, nini tena?

Lakini nikaanza kusoma kwenye basi nikienda shifti. Kumbe tunachokijua kuhusu Wadruidi ni kidogo sana na karibu chote kimeandikwa na Warumi na Wagiriki, na hao Warumi walikuwa maadui zao. Julius Caesar aliyepigana nao Ufaransa, zamani ikiitwa Gaul, kasema wanafunzi wengine walikaa miaka 20 wakihifadhi mashairi kichwani, kuandika mambo ya dini ilikuwa mwiko ingawa mahesabu na mambo mengine waliyaandika kwa herufi za Kigiriki. Kasema waliamini roho ya mtu akifa inahamia kwa mwingine, na kwamba walichoma watu wakiwa hai ndani ya masanamu makubwa ya fito, hilo la mwisho mi nalichukua nusu maana adui ndo msimuliaji. Mrumi mwingine, Pliny, kaeleza kuhani kavaa nguo nyeupe kapanda mwaloni siku ya sita ya mwezi mwandamo, anakata kirukia kwa mundu wa dhahabu, chini wenzake wamekinga kitambaa cheupe alafu wanachinja mafahali wawili weupe. Kirukia mjomba! Kile kile tunachokikwangua kwenye miembe kwa hasira, wenzetu walikiona dawa ya kila kitu. Kwahiyo jibu langu la "miti" halikuwa baya sana.

Hapo kwenye kuandika ndo nikamshika mzee. Nikamwambia, Wafoinike ndo wenye herufi, Wagiriki walijifunza kwao na hizi tunazoandikia leo zimetokana na zao, kila walipofika wameacha maandishi kwenye mawe, makaburi, mitungi. Sasa kuhani wa Kifoinike anakuja Uingereza kufundisha dini alafu anakataza kuiandika? Akanyamaza. Akaniomba chai.

Basi nikafuatilia hii stori ilianzia wapi. Mwaka 1676 Mwingereza mmoja, Aylett Sammes, alitoa kitabu kikubwa akidai hata jina Britain ni la Kifoinike, nchi ya bati. Mwaka 1740 akaja William Stukeley, daktari aliyegeuka padri, akasema Stonehenge, lile duara la mawe makubwa ya kale, ni hekalu la Wadruidi na kwamba walikuja na Wafoinike zama za Nabii Ibrahim, yani dini yao ilikuwa safi karibu sawa na ukristo wake yeye. Kazi ya kupima mawe aliifanya vizuri sana huyu bwana, tatizo lilikuja alipoacha kupima akaanza kuota. Mawe makubwa ya Stonehenge yamesimamishwa kama miaka 2500 kabla ya Nabii Isa, Wadruidi wanaanza kutajwa kwenye maandishi zaidi ya miaka 2000 baadae! Ireland nako kulikuwa na ofisa wa jeshi anaitwa Vallancey, yeye 1772 alichukua maneno ya Kikartago, yani Kifoinike cha Afrika Kaskazini, yaliyomo kwenye mchezo wa kuigiza wa Kirumi akayasoma kama Kiairish, na akaelewa. Ukitaka kuelewa utaelewa tu.

Na hiyo Beltane, wanaojua lugha wengi wanasema maana yake moto unaong'aa, Baali hayumo.

Bati lenyewe ni kweli lakini. Mwaka 2019 wataalamu walipima vipande vya bati vilivyotoka baharini pwani ya Israel, vya miaka zaidi ya 3000, wakaona vinaelekea kuwa vimechimbwa Cornwall, hapa kusini magharibi mwa Uingereza. Ila mzigo kufika haina maana mwenye nao kafika, unapita mkono kwa mkono kama ushanga wa India ulivyofika bara kabla Mhindi hajapanda hata kilima kimoja. Makazi ya Wafoinike hapa Uingereza hayajawahi kupatikana. Sisi Waswahili na hadithi yetu ya mashua saba zilizotoka Shirazi, Uajemi, angalau utafiti wa DNA uliotoka 2023 umekuta damu ya Uajemi ipo kweli, imechanganyika na ya bibi zetu Waafrika.

Kuna kitu kimoja mjomba sijakitoa kichwani. Kaskazini mwa Wales kuna kisiwa kinaitwa Anglesey, ndo ilikuwa ngome ya mwisho ya Wadruidi, Warumi walikivamia kama mwaka 60 baada ya Nabii Isa wakakata misitu yao mitakatifu. Sasa 1942 vitani wanajenga uwanja wa ndege, wanachota udongo kwenye ziwa dogo, lori likanasa kwenye tope. Wakaokota mnyororo udongoni, wakafunga trekta, wakavuta, lori likatoka. Mnyororo ukafanya kazi hivyo hivyo mpaka mtu akaja kushtuka kwamba una miaka zaidi ya 2000. Nimeuona makumbusho. Ni wa shingo, pete tano, wa watu watano wanaotembea kwa mstari. Pete zimelainika upande wa ndani. Mimi mtoto wa Kivinje nimesimama pale mbele ya kioo, watoto wa shule wanapita wanasema wao! na mi najua kabisa hicho kitu kinavaliwaje, sikuhitaji kusoma kibao.

Ndo nikakumbuka darasani kwako ulivyotufundisha Zimbabwe Kuu, yale magofu ya mawe. Wafoinike hao hao! Mwaka 1891 Theodore Bent anaenda kuchimba kwa hela za kina Cecil Rhodes, anarudi anasema hii haikujengwa na Waafrika, ni watu wa kutoka Uarabuni, wengine wakadakia ni Wafoinike. Wachimbaji wa mambo ya kale waliofuata, Randall-MacIver 1905 kakataa, Gertrude Caton-Thompson 1929 kachimba upya kasema ni Waafrika wenyewe, walowezi hawakutaka kusikia. Na ndani ya magofu yale ilikutwa sarafu ya Kilwa, ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, kutoka hapo Kilwa Kisiwani, jirani yenu tu. Kwahiyo Mfoinike mmoja kapewa Stonehenge ili Mwingereza aonekane mkongwe kuliko Mrumi, alafu kapewa Zimbabwe ili Mshona, mwenyeji wa pale, asionekane kabisa. Ni uongo ule ule ila haukutuuma sawa.

Nilimwambia mzee hayo yote juzi namvalisha soksi. Hakubisha. Mwaka 2024 nilimsukuma kwenye kiti chake mpaka Pontypridd kwenye Eisteddfod, tamasha lao la mashairi, wamevaa majoho meupe, bluu na kijani, mtu anauliza mara tatu kama kuna amani huku upanga umechomolewa nusu, umati unajibu "heddwch", yani amani, na yeye analia. Sherehe hiyo ya duara la mawe ilianzishwa na mwashi mmoja, Iolo Morganwg, London mwaka 1792, nyaraka zake za kale alizighushi mwenyewe na siku hizi hata mawe ya kwenye duara ni ya plastiki. Mzee anajua yote hayo, alilia hivyo hivyo. Basi juzi akaniuliza sasa mimi baba zangu ni kina nani, nikamwambia si hao hao waliokuwa hapa wakichimba bati mzee. Akasema bati liko Cornwall, sisi Wales tulikuwa na shaba. Kanirekebisha!

Alafu akauliza hiyo Kilwa ikoje. Mjomba naomba ukipata boti ya kuvuka Kisiwani umpigie picha ya lile gofu la Husuni Kubwa, lile birika la kuogea la pembe nane, usimame upande ambao bahari itaonekana nyuma. Itume wasap hata usiku. Hela ya cherehani ya mkaza mjomba natuma mshahara ukiingia. Jumatano nina shifti naye.