Posho ya uzazi haitaiponya Korea Kusini

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini nitoe maoni kuhusu makala zinazoandikwa mara kwa mara zikiitaja Korea Kusini kuwa mfano wa kuigwa na nchi zetu. Sifa inazostahili ni nyingi, na anayepita kwenye Daraja la Tanzanite jijini Dar es Salaam, lililojengwa kwa mkopo nafuu wa nchi hiyo, hana sababu ya kuzikanusha. Ninachokipinga ni maelezo mepesi yanayotolewa kila linapoguswa suala la Wakorea kupunguza kuzaa: kwamba vijana wao wamelewa starehe, au kwamba serikali yao imebana mkono.

Fedha zimetoka. Tangu mwaka 2006 serikali imetumia zaidi ya won (sarafu ya Korea) trilioni 200 katika mipango ya kuhimiza uzazi, na mwaka 2024 kampuni ya ujenzi ya Booyoung ilitangaza kuwapa wafanyakazi wake won milioni 100 kwa kila mtoto anayezaliwa. Hata hivyo wastani wa watoto kwa kila mwanamke, uliokuwa 4.53 mwaka 1970, ulishuka hadi 0.72 mwaka 2023, na hilo ongezeko lililoshangiliwa mwaka uliofuata liliufikisha 0.75 tu.

Kwa maoni yangu, mzizi wa tatizo uko katika soko la ajira. Nchi ya Samsung na Hyundai inadhaniwa kuwa nchi ya makampuni makubwa, ilhali makampuni yenye wafanyakazi 250 na kuendelea yanatoa takriban asilimia 14 tu ya ajira, kiwango cha chini mno miongoni mwa nchi za OECD, jumuiya ya kiuchumi ambayo wanachama wake wengi ni nchi tajiri. Waliobaki wako katika kampuni ndogo, wengi kwa mikataba ya muda na kwa mishahara pungufu, na aliyeanzia huko ni nadra kuhamia upande wa pili. Kwa hiyo mzazi anayemwacha mwanawe tuisheni hadi saa 4 usiku, ambao ndio ukomo uliowekwa jijini Seoul, si mwendawazimu, amepiga hesabu ya kumfikisha mwanawe katika kampuni kubwa. Mwaka 2024 familia zilitumia won trilioni 29.2 kwa masomo hayo ya ziada, ingawa wanafunzi wanazidi kupungua, na kila Novemba, siku ya mtihani wa kuingia vyuo vikuu, ndege huzuiwa kutua na kuruka wakati watahiniwa wanasikiliza sehemu ya Kiingereza.

Mlango huohuo mwembamba wa ajira nzuri ndio unaowavuta vijana kwenda Seoul na viunga vyake, ambako zaidi ya nusu ya wananchi wote wamebanana katika takriban asilimia 12 ya ardhi ya nchi, na ambako kupanga nyumba kwa utaratibu wa jeonse humtaka mpangaji, badala ya kulipa kodi ya kila mwezi, akabidhi mapema amana inayoweza kuzidi nusu ya thamani ya nyumba yenyewe. Tena mwanamke akiacha kazi ili alee, akirudi baada ya miaka michache mara nyingi huangukia ajira duni. Si ajabu kwamba pengo la mishahara kati ya wanaume na wanawake, takriban asilimia 30, ndilo kubwa kuliko yote katika OECD. Kumshawishi mwanamke huyo kwa posho ni kumkosea adabu.

Uzeeni hali ni ileile. Desemba 2024 wenye umri wa miaka 65 na zaidi walifikia asilimia 20 ya wananchi, na takriban wanne katika kila kumi kati yao wanaishi katika umaskini. Pensheni ya taifa ilianza mwaka 1988 tu, na wengi huondolewa katika kazi yao kuu wakiwa na miaka hamsini na kitu, mapema kabisa kuliko umri wa kuanza kulipwa mafao. Ndiyo maana wapo wazee wanaosukuma mikokoteni ya maboksi chakavu wakauze kwa kilo, na wengine wanaoajiriwa kupeleka vifurushi kwa treni za chini ya ardhi kwa sababu wao husafiri bure. Mwaka 2025 bunge lilipitisha sheria ya kupandisha michango kidogo kidogo kutoka asilimia 9 hadi 13 ya mshahara, na sisi tuliopitia mabishano ya kikokotoo cha mafao ya wastaafu hapa Tanzania tunaweza kukisia vijana walivyoipokea.

Sasa Rais Lee Jae-myung ameahidi kusogeza umri wa kustaafu kutoka miaka 60 hadi 65. Maadamu mishahara katika makampuni makubwa inaendelea kupanda kwa miaka ya utumishi, hatua hiyo itawanufaisha kwanza wale ambao tayari wako ndani, na mwajiri atakayelazimika kuwalipa miaka mitano zaidi atapunguza nafasi za vijana wanaosubiri nje, ambao ndio hao wanaolaumiwa kwa kutokuoa wala kuolewa.

Wako,
Msomaji, Morogoro